Florida na Hofu ya Kunyang'anywa Bunduki

Nchini Marekani, sehemu kubwa ya sheria za silaha hutungwa na mabunge ya majimbo, kwa kuwa Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaani kipengele cha mwaka 1791 kinacholinda haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha, hayakuyanyima majimbo uwezo wa kuweka masharti kuhusu nani auziwe bunduki na akiwa na umri gani. Watetezi wa haki hiyo walilitambua jambo hilo mapema. Huko Florida, wakiongozwa na Marion Hammer, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa NRA, chama kinachotetea haki za wamiliki wa bunduki, walilishawishi bunge mwaka 1987 lilegeze masharti ya kubeba bastola kwa kificho na kuzizuia kaunti na miji kutunga kanuni zake za silaha. Mwaka 2011 ikaongezwa faini ya hadi dola 5,000 kwa kiongozi wa kaunti au mji atakayekaidi.

Hoja yao kuu, ambayo haifai kubezwa, ni kwamba haki ikimegwa leo itamalizwa kesho, na kwamba mwenye nia ya kuua hazuiwi na sheria. Lakini Februari 14, 2018, kijana wa miaka 19 aliwaua watu 17 katika shule ya sekondari mjini Parkland, Florida, kwa bunduki aliyoinunua kihalali, maana yake ni kwamba dukani hapakuvunjwa sheria yoyote, bali sheria yenyewe ndiyo iliyomruhusu. Machi 9, baada ya wanafunzi walionusurika kwenda Tallahassee, mji mkuu wa jimbo, kuwakabili wabunge, gavana Rick Scott, ambaye kwa miaka mingi alisifiwa na NRA, alitia saini sheria iliyopandisha umri wa kununua bunduki hadi miaka 21 na kuanzisha amri ya kumpokonya silaha kwa muda mtu anayeonekana kuwa hatari. NRA ilikwenda mahakamani siku hiyohiyo kuipinga.

Inafaa kuitazama amri hiyo kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotajwa kuwa mlango wa unyang'anyi. Anayeiomba ni polisi, si jirani wala hasimu. Hakimu akitoa zuio la awali, kesi husikilizwa ndani ya siku 14, mhusika akipewa nafasi ya kujitetea. Ushahidi hauna budi kuwa wa wazi na wa kusadikisha, na amri haipiti miezi 12 isipoombwa upya. Kuhusu umri, kijana wa miaka 19 bado anaweza kupewa bunduki na mzazi wake. Alichokatazwa ni kuinunua.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2023, bunge hilohilo liliruhusu watu wabebe silaha kwa kificho bila kibali. Hatua hiyo inasikitisha, ila inaonyesha wazi kwamba sheria ya 2018 haikufungua njia ya kuwapokonya raia wema chochote. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliridhia kikomo cha umri. Hata hivyo, Baraza la Wawakilishi la Florida lilipitisha mwaka 2023, 2024 na 2025 miswada ya kukirudisha kuwa miaka 18, na kila mara Seneti haikuipitisha. Seneti ilifanya haki, na haina sababu ya kulegeza msimamo huo.