Kona ya Ufundi: Mkanda Unakatika, Lakini Ugonjwa Uko Kwenye Pampu

Mwezi huu tunaongea kuhusu kitu ambacho wengi wanakisikia kila siku barabarani lakini hawajui kinasema nini. Ni ule mlio wa "kwiii" gari likiwashwa asubuhi, au dereva akikata kona kali. Mlio ule una maana yake, na asiyeusikiliza atalipa tu.

Kwa nini tumechagua habari hii? Kwa sababu vijana wetu kadhaa wametoka hapa kambini wakaenda Kampala kutafuta maisha, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Wengine wako kwenye gereji ndogo za Kyebando, kaskazini mwa jiji, sio mbali na soko la Kalerwe, upande ule inakopita barabara ya Northern Bypass. Wakati wa likizo tulienda kuwaona, tukakaa nao siku tatu, tukaangalia wanavyojifunza. Haya tunayoandika tuliyaona kwa macho, na mengine tunayafundisha darasani kwetu.

MAGARI YETU NI WAZEE

Mnajua kwamba magari mengi ya Uganda yamekuja yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Mwaka 2018 sheria ya barabarani ilibadilishwa, ikakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Lakini yale yaliyokuwa yameshaingia bado yanatembea, na ndiyo yanayolisha familia nyingi. Kuna Toyota Corolla moja ambayo Kampala wanaiita "Kikumi", yaani mia kwa Kiganda, kwa sababu ni ya namba 100. Ilianza kutengenezwa mwaka 1991. Fanyeni hesabu wenyewe, watoto: gari la mwaka huo lina umri gani leo? Gari la umri huo ni kama mzee wa nyumbani. Bado lina nguvu, lakini ukipuuza kikohozi chake utalipeleka hospitali.

PAMPU YA USUKANI NI NINI?

Zamani dereva alizungusha usukani kwa nguvu za mikono yake tu. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza gari la Imperial lenye usukani unaosaidiwa na mafuta. Kazi yake ni hivi. Injini ikizunguka, inazungusha puli. Ile puli inavuta mkanda wa mpira, ambao watu wengi wanauita fenibelti. Mkanda unazungusha pampu, na pampu inasukuma oili kwenye mpira mnene mpaka kwenye mashine ya usukani, ambako ile oili inasaidia kusukuma magurudumu. Wanafunzi wa sekondari watakumbuka somo la Mfaransa Blaise Pascal wa karne ya 17: ukikandamiza maji yaliyofungiwa ndani ya chombo, nguvu inaenda pande zote. Ndiyo hiyo hiyo. Mgandamizo wa oili ile unaweza kuzidi ule wa hewa ya tairi zaidi ya mara 20. Ndiyo maana tundu dogo sana linatosha kuitoa nje.

Sasa angalieni vizuri: pampu inategemea mkanda, na mkanda unapita karibu kabisa na pampu. Mmoja akiugua, anamwambukiza mwenzake.

MIKANDA MITATU KWA MIEZI MIWILI

Siku ya pili tukiwa Kyebando, alikuja papa mmoja wa kutoka Kivu ya Kusini na Kikumi yake. Kila alfajiri anabebea akina mama wa sokoni mizigo yao kutoka Kalerwe. Pesa hiyo inalipa nyumba na ada ya watoto wanne. Alishuka na mkanda mpya mkononi, akasema, "Nifungieni huu haraka, nirudi kazini." Ulikuwa wa nne. Mitatu ilikuwa imekwisha kwa miezi miwili tu.

Fundi mkuu hakuufunga. Alipitisha kidole nyuma ya puli ya pampu, akakionyesha. Kilikuwa kimelowa oili nyekundu. Sili ya pampu, ile pete ya mpira inayozuia oili pale kwenye mhimili, ilikuwa imezeeka. Oili inatoka kidogo kidogo, inarukia mkanda. Mpira ukilowa oili unavimba, unalainika, unateleza na kulia, mwisho unakatika. Fundi akamwambia, "Ssebo, nikikufungia huu leo, baada ya wiki chache utarudi tena hapa."

Papa alikasirika. Alidhani wanataka kumla pesa. Na tumwelewe jamani: pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya mkanda tu, na ada ilikuwa inadaiwa Jumatatu. Hapo kijana wetu, yule anayejifunza, alifanya jambo la busara. Hakubishana. Alisema kwa heshima, "Papa, tuangalie pamoja." Akaweka karatasi safi ya boksi chini ya pampu, injini ikawashwa, usukani ukazungushwa mara chache. Walipozima na kuivuta ile boksi, ilikuwa na matone mekundu. Papa aliyaangalia muda mrefu, halafu akauliza pampu ni bei gani.

Bei yake ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya mkanda, huo ndio ukweli. Lakini walipokaa chini wakapiga hesabu ya mikanda mitatu, malipo ya fundi mara tatu, na siku tatu ambazo gari lililala bila kubeba kitu, waliona kwamba tayari alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya pesa ya pampu. Alikopa kwenye kikundi chao cha akiba, wakaenda kununua pampu ya mtumba upande wa Kisekka, mjini, panapojulikana kwa spea. Mpaka tunaandika ukurasa huu, mkanda ule wa nne umemaliza mwezi wa tatu, na kikundi kimeshalipwa nusu.

JINSI KAZI ILIVYOFANYWA

Vijana mnaotaka kujifunza, shikeni utaratibu huu. Magari hayafanani, kwa hiyo muulizeni fundi wenu kabla ya kugusa.

1. Injini ipoe. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe au vigingi. Ondoeni waya hasi wa betri, na ufunguo ukae mfukoni kwa anayefanya kazi. Mkanda unaozunguka unaweza kukata vidole, hivyo hakuna mkono mrefu wa shati wala kitenge karibu.

2. Choreni kwenye karatasi njia ya mkanda, unapita puli ipi na ipi. Kwenye magari mengine pampu ina mkanda wake peke yake, na kwenye mengine mkanda mmoja unazungusha pampu, alteneta na pampu ya maji. Ukiwa na mchoro hutabahatisha.

3. Legezeni bolti za pampu, isukumeni kuelekea kwenye injini, mkanda utalegea na kutoka.

4. Wekeni beseni chini, fungueni mipira ya oili, na midomo yake mizibe kwa kitu safi. Chembe moja ya mchanga ikiingia humo, pampu mpya inaharibika.

5. Kabla ya kufunga, laza pampu ya zamani na mpya pamoja. Matundu ya bolti, mahali pa mipira na mifereji ya puli vifanane. Pampu ya mtumba izungushwe kwa mkono: iende laini bila kukwaruza, na mhimili usicheze huku na huku. Muulizeni muuzaji atakubali kuibadilisha baada ya siku ngapi, na aandike kwenye risiti.

6. Fungeni na washa mpya kwenye mpira wa mgandamizo. Futeni puli zote mpaka zikauke kabisa, kwa sababu oili iliyobaki itaua mkanda mpya.

7. Vaeni mkanda, vuteni pampu nje, kazeni. Bonyezeni kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu ya mkanda. Kwenye magari mengi ya zamani unatakiwa kushuka kama sentimita moja. Ukilegea utalia. Ukikazwa sana utaua beringi ya pampu, na mtarudi mlikoanzia.

8. Jazeni oili. Toyota nyingi za zamani zinatumia oili nyekundu ya gia za otomatiki, aina ya Dexron II au III. Msiweke kamwe oili ya breki, inaharibu sili.

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nayo ni kutoa hewa. Gari linainuliwa mbele kwa jeki na kusimamishwa kwenye stendi imara, sio kwenye jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, usukani unazungushwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara 20 hivi, huku mwingine akiongeza oili inaposhuka. Yule fundi alikuwa anasema tu, "Mpola, mpola," maana yake polepole. Kisha injini inawashwa, mnarudia, lakini usukani usishikiliwe mwisho kabisa kwa muda mrefu. Oili ikiwa na povu kama maziwa, hewa bado imo. Zimeni, subirini itulie, mrudie. Baada ya siku chache mkanda ukaguliwe tena, kwa kuwa ukiwa mpya unanyooka kidogo.

Oili ya zamani isimwagwe chini. Sisi tunaokunywa maji ya visima tunajua kwa nini. Itieni kwenye jerikeni ya zamani yenye kifuniko, mpeleke kwa wanaokusanya oili chafu.

MLIO UNASEMA NINI?

Hata kama huna gari, mzazi, mtoto wako anapanda gari la mtu. Jueni alama hizi. Mlio mkali wa "kwiii" mara nyingi ni mkanda uliolegea, uliochakaa au uliolowa. Mngurumo wa "uuuu" unaopanda ukizungusha usukani mara nyingi ni oili iliyopungua, hewa, au pampu iliyochoka. Usukani kuwa mzito ghafla, huenda mkanda umekatika.

Ikitokea hivyo ukiwa njiani, usiogope na usiachie. Usukani haujafa, umekosa msaidizi tu. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, washa taa ya kuonyesha, sogea pembeni. Kama mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, zima injini mapema kabla haijachemka. Na pale Kyebando penye miteremko, dereva mwenye akili hasubiri mpaka siku hiyo.

Kuna wanaopaka mkanda sabuni ili unyamaze. Unanyamaza kweli, siku moja au mbili, lakini tundu bado lipo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, mkanda ukikatika mara ya pili kwa muda mfupi, usikimbilie kununua wa tatu. Weka boksi safi chini ya gari, uliza ni nani anayeuua mkanda. Na wewe kijana fundi, usimwambie mteja "niamini tu". Mwonyeshe tone. Mtu aliyehangaika kama sisi anaogopa kudanganywa, lakini akiona kwa macho yake ataelewa, na kesho atakuletea jirani yake.

SWALI LA MWEZI KWA WATOTO: Mkanda umekazwa kupita kiasi. Ni kitu gani kitaharibika kwanza, na kwa nini? Andikeni jibu kwenye karatasi pamoja na jina na darasa, mlete kwa walimu wa jioni. Jibu zuri tutalisoma mbele ya darasa.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea kuhusu rediata na kwa nini maji ya kisima sio rafiki yake. Mbaki salama.