Ugonjwa adimu si ugonjwa wa ajabu

Kuna maneno matatu ambayo ningekuwa na madaraka ningeyapiga marufuku kwenye kurasa za mbele za magazeti yetu: "ugonjwa wa ajabu". Mtoto kavimba uso, mkojo umegeuka rangi ya chai ya rangi: ugonjwa wa ajabu. Mama kajifungua juzi, leo figo zimegoma: ugonjwa wa ajabu. Picha ya mgonjwa, namba ya simu ya kutuma mchango, basi. Hakuna aliyeuliza daktari kaandika nini kwenye faili. Halafu majirani wanamalizia kazi ambayo mwandishi kaiacha njiani: kuna mkono wa mtu pale, ukoo ule una laana, mama yake alikula nini wakati wa mimba?

Jamani, hivi kazi yetu sisi wanahabari ni nini hasa?

Leo nataka nizungumzie ugonjwa mmoja ambao kweli ni adimu, lakini hauna ajabu hata chembe. Madaktari wanauita kwa kifupi aHUS. Dalili zake kubwa ni tatu na huja pamoja: chembe nyekundu za damu zinakatikakatika, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zinapungua, na figo zinashindwa kazi. Ana ndugu yake maarufu zaidi, anayewapata watoto baada ya kuharisha damu kwa sababu ya bakteria wa E. coli. Huyo wa bakteria mara nyingi huja mara moja na kupita. Huyu ninayemzungumzia chanzo chake kimo ndani ya mwili wenyewe, na anaweza kurudi tena na tena.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo penye utamu.

Katika damu yako, ndugu msomaji, kuna kundi la protini zaidi ya 30 linaloitwa mfumo wa komplimenti. Wafananishe na mgambo wa jiji. Wapo doria saa zote, hawasubiri kuitwa, na wakikuta kitu wasichokielewa wanapiga kwanza, maswali baadaye. Kwa bakteria hiyo ni sawa kabisa. Tatizo ni kwamba mgambo hawa hawatofautishi vizuri mgeni na mwenyeji. Kwa hiyo mwili umeweka wasimamizi wa kuwaambia, "Hapa ni nyumbani, piteni." Msimamizi mkuu ni protini inayotengenezwa zaidi kwenye ini, jina lake fakta H.

Msimamizi akikosekana, mgambo wanageukia kuta za ndani za mishipa midogo ya damu, hasa ile ya kwenye figo. Kuta zinachubuka. Chembe sahani zinakimbilia kuziba michubuko, vibonge vidogo vya damu vinajaa njiani, na chembe nyekundu zinazojipenyeza hapo zinachanika kama shati lililonasa kwenye misumari. Hiyo ndiyo aHUS. Mganga wa kienyeji hahusiki, na bibi yako mzaa baba hana kosa.

Msimamizi anakosekanaje? Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni jeni. Mwaka 1998 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliofuatilia familia zenye ugonjwa huu, walionyesha kwamba jeni ya fakta H ilikuwa na hitilafu. Baadaye zikapatikana hitilafu kwenye jeni nyingine za mfumo huohuo. Leo, kwa takriban nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo, inapatikana hitilafu ya aina hiyo. Na tafadhali sikilizeni hili kwa makini: kurithi hitilafu si kurithi ugonjwa. Wengi wanaoibeba wanazeeka nayo bila kuumwa. Mara nyingi panahitajika kichocheo, kwa mfano maambukizi au ujauzito.

Ya pili ni kinga ya mwili kujishambulia. Msimamizi yupo, kitambulisho anacho, lakini mwili unatengeneza kingamwili zinazomkamata yeye mwenyewe. Mwaka 2005 madaktari wa Paris walieleza habari za watoto 3 kati ya 48 waliokuwa na kingamwili dhidi ya fakta H. Na njia hizi mbili zinakutana: wengi wa watoto wenye kingamwili hizo wamezaliwa bila kipande fulani cha jeni kinachotengeneza protini mbili zilizo ndugu wa fakta H. Kipande hicho kukosekana si jambo la kutisha, kwani mamilioni ya watu hawana na ni wazima. Lakini kinakosekana kwa wingi zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Umesikia? Kwa hiyo anayekwambia "hayo ni magonjwa ya Wazungu" mwambie arudi darasani.

Najua kuna msomaji anapiga miayo: "Sasa jeni au kingamwili, mgonjwa si yuleyule? Mpeni dawa." Hapana, ndugu yangu. Hoja yangu yote ipo hapo. Kujua chanzo ni nusu ya tiba, na mara nyingine ni nusu ya bei.

Tazameni India, nchi ambayo sisi tunaichangia nauli kila wiki. Madaktari wa watoto kule walipoanza kupima kingamwili dhidi ya fakta H, walizikuta kwa zaidi ya nusu ya watoto wenye aHUS. Dawa ya bei mbaya iliyokuwa ikisifiwa Ulaya na Marekani hawakuwa nayo. Wakafanya nini? Walibadilisha plazima ya mgonjwa, yaani kuondoa ile majimaji ya damu yenye kingamwili na kuweka ya mtu mzima wa afya, kisha wakaongeza dawa za kutuliza kinga kama prednisoloni na siklofosfamidi, dawa za miaka mingi ambazo hakuna anayezitungia matangazo. Watoto waliowahiwa figo zao zilipona kwa wingi zaidi kuliko waliocheleweshwa. Hawa hawakuokolewa na utajiri. Waliokolewa na mtu aliyeuliza "kwa nini?" mapema.

Au chukua habari ya kupandikiza figo. Mwaka 2017 Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, ikafuata mwaka 2018. Nilishangilia kama kila Mtanzania. Lakini figo zetu zinatoka kwa ndugu, na hapa ndipo pa kutahadhari. Kama ugonjwa umetokana na hitilafu ya jeni ya fakta H, figo mpya nayo ipo hatarini kuharibiwa vilevile, maana protini mbovu inatoka kwenye ini wala si kwenye figo. Mbaya zaidi, kaka anayejitolea anaweza kuwa na hitilafu ileile, na wameshapatikana watu waliotoa figo kwa upendo wakaugua wao wenyewe baadaye. Lakini kama hitilafu ipo kwenye protini nyingine, ile inayokaa kwenye figo zenyewe, figo mpya mara nyingi inadumu. Ugonjwa ni uleule, jina ni lilelile, na majibu yanapingana kama mchana na usiku. Utawezaje kumlaza mtu na kaka yake kwenye vitanda viwili bila kwanza kuuliza chanzo?

Tuje kwenye fedha. Dawa ninayoizungumzia ni ekulizumabu, inauzwa kwa jina la Soliris. Inawazuia wale mgambo wasimalize kazi yao, na inafanya kazi kweli, sibishani na hilo. Marekani iliiruhusu kwa aHUS mwaka 2011. Lakini mwaka mmoja kabla, jarida la Forbes lilikuwa limeshaitaja kuwa dawa ghali kuliko zote duniani: zaidi ya dola 400,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa shilingi zetu hiyo ni kama bilioni moja. Kila mwaka! Uingereza yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilijadiliana weee mpaka Januari 2015 ndipo NICE, chombo chao kinachopima kama dawa inastahili gharama yake, kikapendekeza wagonjwa wa aHUS wapewe.

Kampuni itasema wagonjwa ni wachache na utafiti ni ghali. Sawa. Lakini kampuni hiyo, Alexion, ilinunuliwa na AstraZeneca kwa dola bilioni 39, biashara iliyokamilika mwaka 2021. Hiyo si bei ya duka linalofunga hesabu kwa hasara. Na chanzo cha ugonjwa kilijulikana kwa sababu familia za watu wa kawaida zilikubali kutoa damu zao zichunguzwe. Sijasikia wakitajwa kwenye mgao.

Na hata hapo chanzo kina la kusema. Mwaka 2021 Wafaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 55 walioacha dawa hiyo chini ya uangalizi. Ugonjwa uliwarudia 13 tu, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye hitilafu ya jeni. Yaani kipimo kimoja cha jeni kinaweza kukuonyesha nani inafaa kujaribu kumwachisha bilioni yake ya kila mwaka.

Haya, najua tusi linalofuata: "Nchi ina malaria, ina akina mama wanaokufa wakijifungua, wewe unatuletea ugonjwa wa watu wachache!" Hoja hiyo inaonekana ya kizalendo, lakini ni uvivu uliovaa suti. Kwanza, hadubini ileile inayotafuta vijidudu vya malaria ndiyo inayoonyesha chembe nyekundu zilizochanika. Kipimo cha haraka cha malaria kitakwambia ipo au haipo. Hakitakuonyesha chembe iliyokatika. Kuhesabu chembe sahani na kupima kreatinini ya figo si anasa. Pili, kuhusu hao akina mama: aHUS ya wajawazito mara nyingi hupiga baada ya kujifungua, na inafanana sana na matatizo ya kifafa cha mimba. Kifafa cha mimba kwa kawaida hutulia siku chache baada ya mtoto kutoka. Ikiwa siku zinapita na figo zinazidi kufa, basi mtu aulize swali jingine, asisubiri msiba.

Kwa hiyo ninachodai ni vitu vya kawaida kabisa. Fundi wa maabara aombwe aangalie damu kwa hadubini pale chembe sahani zinaposhuka na figo kugoma kwa pamoja. Hospitali zetu kubwa ziwe na njia ya uhakika ya kupata vipimo vya kingamwili na jeni, hata kama sampuli itapanda ndege badala ya mgonjwa. Hakuna ndugu atolewe figo kabla chanzo cha ugonjwa hakijatafutwa. Na sasa kwa kuwa dawa zinazofanana na Soliris kutoka kampuni nyingine zimeruhusiwa, Ulaya mwaka 2023 na Marekani mwaka 2024, wanaopanga kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge lilipitisha sheria yake mwaka huohuo wa 2023, wakae mezani na wauzaji waulize bei. Kuuliza hakulipiwi.

Na nyie wenzangu wa kalamu: kabla hujaandika "wa ajabu", mpigie simu daktari. Muulize ni jeni au ni kinga iliyojigeuka. Asipojua, muulize ni kipimo gani kimekosekana. Jibu hilo ndilo habari, na ndilo linalostahili ukurasa wa mbele.

Naomba kutoa hoja.