Mafuriko Arusha: Saa ya kwanza ya maafa iko mikononi mwa majirani

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KILA msimu wa Masika unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa mvua za Machi hadi Mei kwa mikoa inayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, Arusha ikiwamo. Msimu ukishaanza, hufuata taarifa za kila siku zenye ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa hizo husomwa redioni na kwenye runinga na husambazwa katika simu za wananchi. Kwa wakazi wa Kijenge na mitaa mingine ya Jiji la Arusha iliyo chini ya Mlima Meru, swali la msingi ni nini kinachofanyika mtaani baada ya taarifa hiyo kusikika.

Swali hilo lina uzito wa pekee kutokana na jiografia ya jiji lenyewe. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali katikati ya Jiji la Arusha ni takriban mita 1,400. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 3,000 imo katika umbali mfupi, na mito ya Themi, Naura, Ngarenaro na Kijenge hushuka kutoka mlimani na kupita katikati ya makazi ya watu. Mvua kubwa inaponyesha kwenye miteremko, maji huweza kufika mitaa ya chini hata kama hapo mtaani halijaanguka tone. Mkazi anayetazama anga la juu ya nyumba yake pekee hupata ishara ya hatari akiwa amechelewa.

Aidha, idadi ya watu imeongezeka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 600,000. Ongezeko hilo limekwenda sambamba na paa, sakafu na barabara nyingi zaidi, hivyo ardhi inayonyonya maji imepungua na maji yanayokimbilia kwenye makorongo yameongezeka.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2024. Aprili 12 mwaka huo, gari la shule lilisombwa na maji katika korongo eneo la Sinoni, jijini Arusha. Wanafunzi walipoteza maisha, pamoja na mwananchi aliyejitosa majini kuwaokoa. Siku 13 baadaye, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na majeruhi 236 nchini. Miezi michache kabla, Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80.

Tukio la Sinoni lina mafunzo mawili ambayo hayapaswi kutenganishwa. La kwanza ni kwamba katika maafa ya ghafla, wa kwanza kufika ni wananchi walio karibu. Ndivyo ilivyokuwa pia Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Uwanja wa Ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi waliifikia kwa mitumbwi yao, na 24 kati ya waliokuwamo waliokolewa. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa na Taifa zima na baadaye kupewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, wafanyabiashara na wapita njia walianza kufukua kifusi kwa mikono.

Funzo la pili ni gumu zaidi kulisema, lakini ni la lazima: ushujaa bila maandalizi huongeza idadi ya vifo. Maji yanayokwenda kwa kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 yanaweza kuelea na magari mengi. Mtu anayeingia mtoni bila kamba, bila boya na bila mtu wa kumshikilia kutoka ukingoni anaweza kugeuka kuwa wa kuokolewa. Kumheshimu aliyejitoa mhanga ni pamoja na kuhakikisha kwamba atakayejitokeza kesho hataingia majini mikono mitupu.

Msingi wa kisheria wa kufanya hivyo upo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, inayosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, imeweka mfumo wa kamati za usimamizi wa maafa kutoka ngazi ya Taifa na mkoa kushuka hadi kata, kijiji na mtaa. Ngazi hiyo ya chini ndiyo inayoamua kama saa ya kwanza itakuwa ya mpangilio au ya taharuki. Kamati ya mkoa inaweza kuleta mashine na chakula, lakini haiwezi kujua kwamba katika nyumba ya tatu kutoka kingo za Mto Kijenge anaishi bibi asiyeweza kutembea, au kwamba mama mjamzito amebaki peke yake usiku. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, balozi na jirani ndio wanaojua hayo.

Kwa hiyo, kamati ya mtaa inayofanya kazi haihitaji kwanza bajeti kubwa. Inahitaji orodha ya kaya zilizo kandokando ya mito na watu wasioweza kujihamisha. Mtu aliyetajwa kwa jina wa kuwapitia kila mmoja wao. Mahali palipoinuka palipokubaliwa mapema, kama shule, kanisa au msikiti, pamoja na mtu anayetunza ufunguo wake. Kamba ndefu, tochi, filimbi na kipaza sauti. Na namba ya simu ya mkazi wa mtaa wa juu atakayetoa taarifa mto unapojaa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania wana utaalamu wa kuwafundisha vijana wa mtaa huduma ya kwanza na uokoaji salama.

Kwamba njia hii inaokoa maisha si nadharia. Katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo nchi hiyo ilijenga mtandao wa wanaojitolea wa vijijini, wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti kila onyo linapotolewa. Mwaka 2020, kimbunga Amphan kilipokaribia, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa nchini humo, na vifo vikahesabiwa kwa makumi.

Arusha haianzi sifuri. Msaragambo wa kuchimba mifereji na kutengeneza barabara ni desturi inayofahamika katika maeneo ya Mlima Meru. Vikundi vya VICOBA na vya kufa na kuzikana vina daftari za wanachama, viongozi wanaoaminika na mfuko wa dharura. Madereva wa bodaboda wanavijua vichochoro vyote na hufika popote kwa dakika chache. Vikundi hivyo hukutanisha watu baada ya msiba. Vikiunganishwa na kamati ya mtaa vinaweza kuuzuia. Msaragambo mmoja wa kuzibua mifereji mwezi Februari una faida kuliko michango ya rambirambi mwezi Aprili.

Wajibu huo hauondoi wajibu wa mamlaka. Madaraja, vivuko na mifereji mikubwa haviwezi kujengwa kwa nguvu za mtaa pekee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na usimamizi wake unahitaji uthabiti kabla nyumba haijapanda, si baada ya kubomoka. Wamiliki wa shule na madereva nao wanapaswa kuwa na kanuni isiyo na mjadala: maji yakipita juu ya barabara, gari linasimama, hata kama watoto watachelewa darasani.

Kabla ya mvua zijazo, kila mkazi wa Kijenge anaweza kuuliza katika mkutano wa mtaa: kamati yetu ya maafa ni akina nani, tunakimbilia wapi, na nani atamgongea mlango jirani yangu mgonjwa? Dharura inapotokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114 na Polisi kwa namba 112. Hadi watakapofika, aliye karibu ni jirani, na anapaswa kuwa tayari anajua la kufanya.