K2-18b: nani alisema uhai umepatikana?

Mwezi wa Aprili 2025 ujumbe mmoja ulizunguka kwenye simu zetu: wanasayansi wamepata uhai kwenye sayari nyingine. Pamoja nao ilikuja picha nzuri ya bahari chini ya nyota nyekundu. Picha hiyo ni mchoro tu. Hakuna aliyewahi kuiona sayari hiyo hivyo, hata kwa darubini.

Inaitwa K2-18b, na iligunduliwa mwaka 2015 kwa darubini ya Marekani, Kepler. Inazunguka nyota yake kila siku 33, na uzito wake unazidi ule wa dunia zaidi ya mara nane. Iko umbali wa miaka 124 ya mwanga. Maana yake, mwanga ambao watafiti waliupima ulitoka huko karibu mwaka 1900, Congo ikiwa bado mali ya mfalme Léopold II.

Walichopima ni nini basi? Sayari inapopita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo hupenya katika hewa yake, na kila gesi humeza rangi fulani za mwanga huo. Kwa njia hiyo, mwaka 2023 darubini ya James Webb ilionyesha methani na kaboni dayoksidi. Wakaaji wa Goma na Bukavu wanazijua gesi hizo, kwa sababu zimejaa kwenye kina cha Ziwa Kivu. Humo kaboni dayoksidi nyingi inatoka kwenye volkano, na vijidudu vinachangia methani. Kwa hiyo ukipata gesi, bado hujajua nani ameitoa.

Kelele za 2025 zilihusu gesi nyingine, dimethili salfaidi. Hapa duniani hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Kikundi cha Profesa Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge kilisema kimeona dalili zake, na kwamba nafasi ya kuwa ni bahati tu ni kama 3 kwa 1,000. Kwa mwandishi wa habari mwenye haraka, hiyo inatosha kabisa. Kwa wanasayansi haitoshi: kabla ya kutamka neno "ugunduzi" wanataka nafasi hiyo iwe chini ya 1 kwa milioni. Watafiti wengine, wakiwemo wa Oxford na Chicago, walichambua vipimo vilevile wasione alama ya kuaminika. Tena, gesi hiyo imeonekana kwenye nyota yenye mkia iitwayo 67P, barafu na vumbi tupu.

Madhusudhan mwenyewe aliomba tahadhari. Ni sisi waandishi tuliokata neno "dalili" tukabakiza "uhai", kwa sababu kichwa cha habari kifupi kinabofywa zaidi. Kosa hilo linaonekana dogo likihusu sayari ya mbali. Lakini mkono uleule ndio unaoandika kuhusu ebola, na kuhusu volkano ya Nyiragongo. Msomaji tuliyemdanganya kwa ajili ya nyota atatuamini vipi siku ya kumwambia ahame nyumba yake?

Kikundi cha Cambridge kilikadiria kwamba saa 16 hadi 24 zaidi za James Webb zingeweza kumaliza ubishi kuhusu gesi yenyewe. Hata ikithibitishwa, litabaki swali la Ziwa Kivu: imetoka wapi?