Kabla Ununue Simu, Tafuta Kava Yake Kwanza

Wasee, wacha niseme kitu itaudhi wale wa "simu ni simu".

Mwaka jana nilinunua simu ya elfu tisa mia tano. Kamera safi, chaji inakaa siku mbili. Jina silitaji. Tangu niache chuo mwaka wa pili, simu ndiyo ofisi yangu. Basi nikazunguka Makutano kibanda kwa kibanda nikitafuta kava. Kila mtu ananipa ile ya "karibu iingie". Moja ilifunika kamera. Nyingine ilibana kitufe cha kuwasha, simu ikawa inajizima nikirekodi. Mwishowe nikachukua iliyolegea. Wiki ya tatu, nikishuka kwa boda, simu ikachomoka ndani ya kava kama ndizi kwa ganda. Kioo kwisha.

Fundi akaangalia, akatikisa kichwa. "Kijana, skrini ya hii hapa Meru hakuna. Itoke Nairobi. Elfu nne mia tano."

Karibu nusu ya bei ya simu! Siku kumi na moja sikuposti kitu, na bila kuposti siomoki.

Sasa maoni yangu ni haya: bei iliyo kwa boksi ni nusu ya hadithi. Nusu ingine ni kava, skrini na betri, na kama zinapatikana mahali unaishi. Na usiamini jina. Simu mbili za familia moja, tofauti ni herufi moja tu mwishoni, zinaweza kuwa na kamera mahali tofauti na skrini zisizoingiliana.

Wazazi wetu walikuwa na raha. Betri ya Nokia ya BL-5C iliingia 1100, ikaingia 1110, ikaingia 1600, na mpaka leo kuna redio ndogo zinaitumia. Ukikosa duka hili, unapata lile.

Huko Ulaya, tangu 20 Juni 2025, sheria inataka kampuni ya simu iweke spea kama skrini hadi miaka 7 baada ya kuacha kuuza modeli. Sisi Oktoba 2023 tulizinduliwa simu za Neon zinazounganishwa Athi River, Smarta ikiuzwa 7,499. Hiyo ni poa. Lakini kama tunaweza kuunganisha simu hapa, basi tudai kila kampuni inayotuuzia simu ya bei ya chini ifikishe spea mpaka Meru na Embu.

Najua utaniambia ninunue simu ya maana. Na pesa nitoe wapi? Simu ya bei rahisi haina makosa. Shida ni simu yatima, isiyo na ndugu wa kuiazima kioo.

Kwa hivyo, kabla utume pesa, fanya hivi: tafuta kava yake kwa vibanda vitatu. Kisha uliza fundi, si muuzaji, skrini ni pesa ngapi. Ikizidi theluthi ya bei ya simu, rudisha kwa kaunta, useme asante, utembee.

Mimi nililipa elfu nne mia tano kujua hiyo. Wewe umepewa bure.