ETI "WARANTI TU"! WANAOMCHEKA MDADA WA HELIKOPTA WASOME HAPA KWANZA

Wadau, wiki hii mji umechafuka. Mdada mmoja wa Kibongo anayeishi Marekani, yule ambaye miaka ya nyuma sura yake ilikuwa haikosekani kwenye video za Bongo Fleva, katupia picha akiwa ndani ya gwanda la urubani, helmeti mkononi, na nyuma yake Black Hawk imetulia. Chini kaandika maneno machache tu: mafunzo yameisha, sasa ni afisa mteule na rubani wa helikopta wa Jeshi la Marekani.

Basi. Ungedhani kaiba.

Kinara wa kumchamba ni mtangazaji mmoja wa redio, jina kubwa, wafuasi wa kumwaga, na ana shahada ambayo kila kipindi lazima aitaje. Kaka huyu kaichukua ile picha, kaibandika kwenye ukurasa wake, akaanza kuponda. Eti miaka yote hiyo mtu yuko mbele, halafu anaishia kuwa waranti. Eti aliyefeli form four hawezi kuwa ofisa wa kweli popote duniani, labda wamempa cheo cha kupigia picha. Watu wakacheka, wakashea, wengine wakaongeza chumvi kwamba mdada ni mpishi wa kambi aliyeazima helmeti.

Haya, taratibu. Kosa la kwanza la mtangazaji linasameheka, maana limewapata wengi. Majeshi ya Tanzania na Kenya yamerithi mfumo wa vyeo wa Mwingereza. Huko afisa mteule, ambaye kitaa anaitwa waranti, ni kilele cha ngazi ya askari wa kawaida. Ni mzee wa kambi, anaheshimika na anaogopwa, ila hapigiwi saluti kama luteni.

Jeshi la Marekani ni habari nyingine. Kule maafisa wateule ni kundi lao peke yao, juu ya askari na masajenti wote, chini ya luteni mdogo. Wanapigiwa saluti. Wana ngazi 5, na kuanzia ngazi ya pili watu huwaita "Chifu". Kazi yao ni kubobea kwenye fani moja maisha yote. Kapteni au meja anayejua kurusha helikopta anazidi kuvutwa ofisini kadiri anavyopanda, kwenye vikao na makaratasi ya kuongoza watu. Afisa mteule anabaki kwenye usukani. Ndiyo maana ukitaka kujua nani hasa anarusha helikopta za jeshi lile, jibu ni hao hao "waranti tu".

Unabisha? Kumbuka Mogadishu, 3 Oktoba 1993, ile vita iliyokuja kuigizwa kwenye filamu ya Black Hawk Down ya mwaka 2001. Siku ile Black Hawk mbili ziliangushwa katikati ya mji kwa makombora ya RPG. Kila moja ilikuwa na marubani wawili. Wote wanne walikuwa maafisa wateule. Watatu waliuawa. Wa nne, Michael Durant, alivunjika mguu na mgongo, akashikiliwa mateka siku 11. Wabongo wangapi wamekaa vibanda umiza wakiwaita wale jamaa makomandoo hatari? Leo mtoto wa uswahilini kavaa cheo cha aina hiyo hiyo, ghafla kimekuwa cheo cha kuchekwa.

Tuje kwenye shahada, maana hapo ndipo roho ya kaka inapouma.

Ni kweli kabisa, njia aliyopita mdada haidai digrii. Cheti cha sekondari kinatosha kuomba. Marekani wenyewe wana msemo wa mtaani kuhusu njia hii, kwamba unatoka shule ya sekondari unaingia shule ya urubani, na imetumika sana tangu vita ya Vietnam, walipohitaji marubani wengi kwa haraka. Lakini kutodai digrii sio kutodai akili. Kwanza kuna mtihani wa kuingia jeshini, na kwenye eneo linaloitwa GT lazima upate 110, chini ya hapo hakuna kubembelezana. Halafu unakuja mtihani wa urubani, SIFT. Hisabati ipo, mitambo ipo, elimu ya ndege ipo, na kuna maswali ya picha ambayo sekunde zinakukimbia huku unatafuta umbo lililofichwa. Alama za kufaulu ni kuanzia 40, juu kabisa 80. Maishani unaruhusiwa kuufanya mara mbili tu. Ukifaulu kwa 40 yako, imetoka hiyo, hurudii ili upate nyingi zaidi. Bado vipimo vya afya vya macho, masikio, moyo, mpaka urefu wa mikono. Bado barua za watu wa kukudhamini kwa tabia yako. Ndipo faili linakaa mbele ya jopo, na jopo linaweza kusema hapana.

Ukipita, safari ni Fort Rucker, Alabama. Kuna kozi ya kuwa afisa mteule. Kuna siku mnafungwa mikanda ndani ya mfano wa helikopta, inazamishwa kwenye bwawa na kupinduliwa kichwa chini, mtoke wenyewe. Kuna mafunzo ya kuishi ukiangukia kwa adui. Halafu ndiyo unaanza kujifunza jambo linaloonekana dogo, kuiweka helikopta ielee hewani sehemu moja bila kuyumba, wakati mikono yote miwili na miguu yote miwili inafanya kazi tofauti kwa wakati mmoja. Ukimaliza, unalidai jeshi hakuna, lenyewe linakudai miaka 10 ya utumishi. Kumi!

Sasa mtu aliyepita huko anachambwa na mtu ambaye jasho lake kubwa ni kugombea maikrofoni.

Na mdada hakuanzia juu. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia Marekani na grini kadi ya kifamilia, akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida, kazi yake fundi wa magari. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuwa askari, ila afisa mteule haruhusiwi mpaka awe raia. Akatumikia, akaomba uraia kupitia utumishi wake, akaupata. Hapo kuna bei ambayo wachekaji hawaioni. Sheria ya uraia ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo ile helmeti mkononi imemgharimu pasipoti ya nyumbani. Akija kumzika bibi yake, anakuja kama mgeni.

Kama kuna mtu ana tatizo na vita vya Marekani, au anaona sio sawa Mtanzania kuvaa gwanda la nchi nyingine, hiyo ni hoja, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Ila mtangazaji hakusema hayo. Alisema hana digrii na cheo chake ni kidogo. La kwanza halina uzito, la pili ni uongo.

Mngedhani yameishia hapo. Subirini kituko.

Jumatatu kacheka. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, ukurasa ule ule, kaka kaposti tangazo na swahiba wake mmoja anayejiita mshauri wa safari za nje. Picha ya helikopta, bendera ya Marekani, na maneno ya kumaanisha kwamba vijana wa form four nao wanaweza kuwa marubani wa jeshi la Marekani, nafasi chache, fomu laki moja na nusu, tuma kwenye namba hii. Yaani cheo alichokiita takataka Jumatatu, Ijumaa anakiuza!

Hapa ndipo utani unapoisha, maana kuna watoto wa watu watauza simu ili walipe hiyo laki na nusu. Wapo ambao tayari wanaulizia namba. Kwa hiyo isomwe polepole: njia ya afisa mteule rubani ni kwa raia wa Marekani. Mtu aliyekaa Mbagala, Kayole au Goma na pasipoti ya kwao haingii kwa fomu yoyote, ya bei yoyote. Hata huo uaskari wa kawaida unaanzia kwenye grini kadi uliyonayo tayari mkononi, ukiwa Marekani. Na hata kwa mwenye sifa zote, kujiunga ni bure. Mwandikishaji wa jeshi lile analipwa mshahara na serikali yake, hachukui hela ya fomu wala ya soda. Anayekudai hela ili akuingize Jeshi la Marekani ni tapeli, hata awe na tiki ya bluu na kipindi cha asubuhi.

Ukiangalia vizuri, mcheko wa Jumatatu na tangazo la Ijumaa ni baba mmoja, mama mmoja. Vyote vinaishi kwa sababu watu hawajui kazi yenyewe ikoje. Asiyejua atacheka cheo. Asiyejua atanunua fomu. Mtangazaji kala pande zote mbili, kiki huku, mpunga kule.

Mdada mpaka sasa hajamjibu mtu. Picha yake bado ipo, na jana kaongeza nyingine moja, mikono imejaa grisi, ya enzi zile za ufundi wa magari. Hakuandika kitu.

Kaka mtangazaji, lile tangazo lifutwe, na waliotuma hela warudishiwe. Kuomba radhi kwa mdada kunaweza kusubiri, hela za watoto haziwezi.

Wewe mdau unasemaje? Kama umeshatumiwa hiyo namba au umeshalipa, tiririka hapo chini bila aibu, mwenzako asome kabla hajatuma.