Faisal wa Kiingereza

Nilikuwa kijana nilipoiona Lawrence of Arabia, filamu ya 1962, nikampenda Amir Faisal kuliko wote. Mtulivu, hapayuki, kama mzee wa barazani ambaye akikohoa tu watu hunyamaza. Nikaja kuambiwa: yule si Mwarabu, ni Alec Guinness, Mwingereza aliyepakwa rangi. Nilijiona nimenyang'anywa changu.

Kwa insafu, wasomaji wangu, bwana huyu alikuwa fundi. Alizaliwa London 1914, na cheti chake cha kuzaliwa hakikuwa na jina la baba. Pengine ndiyo sababu akaweza kuvaa nafsi za watu. Katika Kind Hearts and Coronets, ya 1949, aliigiza ukoo mzima, bibi mmoja akiwemo. The Bridge on the River Kwai, ya 1957, ilimpa Oscar.

Ugomvi wangu ni na David Lean, aliyemwongoza. Ati Mwarabu wa kumwigiza Faisal hakupatikana? Basi Omar Sharif, Mmisri, yumo filamu ile ile, na alipotokeza juu ya ngamia kutoka kwenye mazigazi nani aliyemtazama mwingine? Na bado 1984, katika A Passage to India, Lean akamfanya Guinness Mhindi, ilhali Victor Banerjee, Mhindi wa damu, yuko papo hapo akimwigiza Daktari Aziz!

Guinness alifariki Agosti 2000. Sinema zake nazitazama hadi leo. Ile ya Faisal, lakini, huketi nikimngoja Sharif.